Mti Wenye Kelele

Mzee Wabwile wa Sirisia alikufa mwaka wa 2004. La, hapo nimekosea. Mwaka huo alikuwa bado anatembea na fimbo yake mpaka sokoni, akibishana na kila mtu. Alikufa 2005, mwezi wa kumi na moja, maana siku za matanga yake malori ya kura ya maoni yalikuwa yakipita barabarani, haya yakiimba machungwa, alama ya Hapana, yale yakiimba ndizi, alama ya Ndiyo. Hata vijana waliochimba kaburi waligawanyika hivyo hivyo, wa machungwa ukingo huu na wa ndizi ukingo ule, wakirushiana maneno pamoja na udongo. Kwa hivyo ni 2005. Mwaka ukikosewa husahihishwa, na hakuna anayeumia.

Mtoto wake wa mwisho aliitwa Wekoye. Surua ilimpata akiwa na miaka sita, ikamwachia uhai na kwenda na macho. Wakati wa habari hii alikuwa na miaka thelathini na tisa, fundi wa kusuka viti mjini Kitale. Alikaa barazani pa hadweya ya Ndung'u, duka la vifaa vya ujenzi, karibu na rundo la mabati, akisuka kwa kamba za manila viti ambavyo wenye macho walikuwa wamevikalia mpaka vikatoboka. Mkewe Rispah aliuza sukuma wiki na nyanya nyuma ya soko. Walipanga chumba kimoja.

Kitale ya Wekoye haikuwa na majumba. Ilikuwa na milio, na harufu, na vitu vya kukanyaga. Akitoka mlangoni asubuhi alitafuta kwanza ngurumo ya mashine ya kusaga unga. Ikikaa sikio la kushoto, yuko sawa. Akitembea, ngurumo ilirudi nyuma polepole mpaka ikamkaa kisogoni, na hapo alianza kungoja harufu ya ngozi mbichi. Harufu ya ngozi ikikatwa na ya mandazi, basi pana mtaro. Juu ya mtaro palikuwa na slabu za simenti, na ya kumi na moja ilikuwa imelegea: ukiikanyaga inasema ko. Baada ya ko, hatua tisa, na mguu unapanda baraza. Siku ya Jumapili mashine ikinyamaza alikwenda kwa kengele ya kanisa, njia nyingine kabisa, kama mtu aliyehamia mji mwingine.

Ndung'u alipenda kumjaribu. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakanunua shamba mahali paitwapo Kwanza, naye akazaliwa huko kati ya mahindi, lakini mzaha wake ulikuwa wa sokoni. Siku moja aliweka wilbaro jipya la kubebea mchanga katikati ya njia ya Wekoye, akasimama mlangoni akijizuia kucheka. Wekoye akaja, ko, hatua ya kwanza, ya pili, ya sita, akasimama.

"Ndung'u, umeniwekea nini hapa?"

"Mimi? Sijaweka kitu, bana."

"Kuna upepo huwa unanipiga muundini nikifika hapa. Leo haupo. Umeuziba na nini?"

Ndung'u akapiga kofi paja lake. "Gathoni!" akamwita mkewe. "Njoo uone! Huyu mtu ametudanganya miaka yote, ati ni kipofu!"

"Mwache fundi afanye kazi," Gathoni akajibu kutoka ndani. "Wewe mwenye macho juzi si uligonga mlango wa kioo pale benki?"

Wakacheka wote watatu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba Wekoye hakuwa mtu wa kuongozwa mkono. Alikuwa akiutembea mji kuliko wengi wanaouona, na alijua hivyo, na kwa hilo alikuwa na majivuno kidogo.

Sasa nirudi Sirisia, maana jambo lenyewe liko huko.

Shamba la mzee Wabwile lilishuka kutoka barabarani mpaka kijito. Juu palikuwa na mawe na nyumba. Chini palikuwa na udongo mweusi, na chemchemi isiyokauka hata Januari. Watoto wa kiume walikuwa wawili, Khisa na Wekoye. Mzee alisema mapema, Wekoye akiwa mdogo: Khisa ana macho, anaweza kupigana na mawe, huyu mwingine nitampa chini, ambako hata mtu akipanda kwa kupapasa atakula.

Lakini alijua watu. Alijua kwamba mpaka wa mtu asiyeona husogea usiku bila miguu. Kwa hivyo mwaka ule ule wa surua alichukua mche wa mkaratusi akaupanda mahali ambapo shamba la juu linaishia na la chini linaanza. Majirani walimwuliza kwa nini asipande mti wa matunda.

"Tunda halisemi kitu," akajibu. "Nataka mti wenye kelele."

Na kweli, mkaratusi ni mti wa maneno mengi. Upepo mdogo tu, majani ya juu yanaanza kusuguana kama mtu anayepepeta mtama. Magome yake yakibambuka yanagongana. Mvua ikikaribia harufu yake inatangulia. Mzee alimvua mtoto viatu, akamtembeza: kutoka kizingiti cha nyumba, hatua kadhaa mpaka ghala, kutoka ghala hatua kadhaa mpaka ardhi inapoinama, kisha jiwe la kunolea mapanga. Kila mahali alimfanya ahesabu, na mtoto alipokuwa akirefuka, mzee alimrudisha ahesabu upya, maana hatua ya miaka kumi si hatua ya miaka ishirini. Wakifika kwenye jiwe, mzee alinyamaza kwanza.

"Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Nenda."

Na Wekoye alikwenda, uso mbele, mpaka kiganja chake kikagusa gome. Kila mara alifika. Hakukosa hata siku moja.

Mzee alipofariki, maiti ilipelekwa mochari ya Bungoma ikingoja jamaa wa mbali. Nyumbani watu wakajaa. Siku ya tatu simu ya Ndung'u ikalia hadweyani, na Ndung'u akaiweka kwenye sikio la Wekoye. Aliyepiga alikuwa dada yake, Nasimiyu.

"Weko, kuni zimeisha. Watu ni wengi sana, sufuria haziteremki. Khisa anauliza, tukate ule mti wako?"

Wekoye akazungusha kamba kidoleni. Khisa alikuwa ametoa ng'ombe dume. Wajomba walikuwa wameleta mahindi na sukari. Yeye hakuwa ametoa kitu, na kila siku alipokuwa akisuka jambo hilo lilikuwa likimchoma vidoleni.

"Weko? Simu inakula pesa."

"Kateni," akasema. "Papa aliupanda mwenyewe. Na uwapikie watu wake."

"Una hakika?"

"Kateni, Nasimiyu. Semeni hizo kuni ni za Wekoye."

Jioni alimweleza Rispah, naye akaacha kupanga nyanya zake.

"Umetoa mti wa mpaka?"

"Nimetoa kuni. Kisiki si kinabaki? Kisiki hakina miguu."

"Mimi sijui," Rispah akasema. "Mimi ningetoa hata vitanda."

Walifika Sirisia siku moja kabla ya mazishi, na Wekoye akapotea uani kwa baba yake.

Hakuna aliyemfanyia ubaya hapo. Matanga ni matanga. Ua wa minyaa ulikuwa umekatwa ili magari yapite. Ghala lilikuwa limebebwa na vijana na kuwekwa upande wa pili ili turubai lipate nafasi. Ng'ombe walifungwa mahali palipokuwa na kuku. Kamba za turubai zilipita kila upande kwa urefu wa shingo. Wamama walifagia na kulainisha kila kishimo na kila kijiwe ambacho nyayo zake zilikuwa zikikijua, wakifurahi kwamba uwanja umependeza. Walimshika mkono kumpeleka msalani kama mgeni. Alipouliza mti, wakamwambia wameukata vizuri, na kuni zake zinawaka vizuri, pole sana, Mungu akubariki. Harufu ya mkaratusi ilikuwa kila mahali, maana watoto walikuwa wametandaza matawi wapate kulala. Alijaribu kujua inatoka upande gani, ikashindikana.

Mzee akazikwa. Malori ya machungwa na ndizi yakapita, na mhubiri akangoja yamalize.

Siku ya tatu baada ya mazishi ndiyo siku ya kunyolewa. Wafiwa hunyolewa nywele, wazee wa ukoo hukaa, na kila neno linalohusu marehemu husemwa mbele ya watu: mwenye dai aseme, mwenye mpaka auonyeshe. Lisilosemwa siku hiyo limezikwa na mwenyewe. Wekoye alinyolewa, akapakwa mafuta, akasikiliza. Mzee wa ukoo akasafisha koo.

"Tunajua neno la Wabwile. Khisa juu, Wekoye chini. Tuende tuonyeshwe yanapokutana."

Khisa akatangulia kusema. "Mimi nitaonyesha. Nimeshapanda mkonge, mtauona."

"Ulipanda lini?" Wekoye akauliza.

"Juzi. Nilikuwa nalima pale, nikaona nisiache mahali bila alama, kwa vile mti haupo."

"Kwani kisiki kiko wapi?"

Kukawa na kimya kidogo, kile ambacho watu wenye macho hukitumia kutazamana.

"Kisiki tulikichimba, ndugu yangu," Khisa akasema. "Usiku wa kesha. Kisiki ndicho kinachokaa na moto. Wewe si ulisema mti ni kuni?"

Khisa hakuwa mwizi wa kuku wala wa mahindi. Ukimwachia mzigo wako utaukuta. Lakini alikuwa na wavulana sita, na wote wangetaka kuoa. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa kumtetea.

"Basi niacheni mimi nionyeshe," Wekoye akasema. Akainama, akavua viatu.

Aliweka kisigino kwenye kizingiti cha nyumba ya baba yake. Akageuka mpaka jua la saa nne likamkaa shavu la kulia. Akaenda. Hatua thelathini na mbili, akasema, "Hapa palikuwa ghala," na mzee mmoja akatazama chini akaona alama za mawe manne ya ghala bado zipo. Akakunja kushoto. Hatua hamsini na nane. "Hapa panaanza kuinama." Na pakainama. Ishirini na moja, na mguu wake ukatua juu ya jiwe la kunolea, baridi, lenye mfereji katikati.

"Huyu mtu anaona, wallahi!" kijana mmoja akasema nyuma.

"Nyamaza wewe," mama mmoja akamkemea, lakini naye alikuwa anashangaa.

Wekoye akasimama juu ya jiwe. Akainua uso. Akangoja.

Hatua zote za shamba lile alikuwa amezihesabu isipokuwa hizi. Kutoka jiwe mpaka mti hakuwahi kuhesabu hata siku moja, tangu utoto. Mtu hahesabu hatua za kumfuata anayemwita.

Upepo ukaja kutoka mlimani, ukapita bila kusema na mtu. Akapiga ulimi, ta, kama alivyofanya barazani kujua ukuta uko wapi. Sauti ikaenda na haikurudi.

"Endelea basi," Khisa akasema kwa upole. "Tunakufuata."

Akashuka polepole. Mteremko aliujua, lakini mteremko ulikuwa ule ule kutoka kushoto mpaka kulia, kama mgongo wa ng'ombe. Alitafuta udongo uliofukiwa, maana shimo likifukiwa hubonyea. Lakini ng'ombe wa Khisa walikuwa wamelima ukanda wote, na kila alipokanyaga palibonyea. Alikwenda mbele hatua kumi, akarudi tano, akaenda kando. Watu wakasimama pamoja naye na kugeuka pamoja naye, kama kundi linalomfuata mtu aliyepoteza sindano. Mwisho alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole. Alichimba mpaka mkono ukazama, akatoka na mzizi. Akaunusa.

"Ni huu," akasema. "Ni mkaratusi. Mko hapa? Mnauona?"

"Tunauona," mzee wa ukoo akasema.

"Mzizi wa mkaratusi, ndugu yangu," Khisa akasema, "hauna adabu. Unaenda popote. Hata kwa Mama Rotich pale ng'ambo umefika. Basi na kwa Mama Rotich ni kwako?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kicheko cha matanga hutoka hata pasipo na jambo la kuchekesha. Wekoye akiwa bado magotini alisikia katikati ya kicheko hicho mtu akikohoa. Kikohozi hicho alikijua tangu utoto.

"Mama Rotich," akaita. "Uko hapo?"

"Niko, mwanangu."

Huyo alikuwa Chepkemei, jirani wa upande wa kijito, mjane, ambaye kwa miaka thelathini alipita shambani humo kwenda chemchemini. Khisa alikuwa ameshamwambia kwamba njia yake ya maji haitazibwa.

"Mama Rotich, nionyeshe mti ulikuwa wapi."

"Macho yangu siku hizi ni ya uzee, Weko. Siwezi kuapa."

"Sikuombi macho. Ulikuwa unatua mtungi chini ya ule mti kila jioni, ukipumzika. Nilikuwa nausikia mtungi ukigusa ardhi. Nakuomba utembee tu, usimame pale ulipokuwa ukitua mtungi. Usiseme neno. Simama tu, mimi nitasikia."

Akageuza sikio. Watu wakanyamaza kabisa, mpaka inzi wakasikika. Aliposikia kitambaa kikisuguana, moyo wake ukaruka. Lakini mama alikuwa anarekebisha leso yake tu. Miguu haikutoka mahali pake.

"Mama ameshasema haoni," mtu mmoja akasema.

"Nasimiyu!" Wekoye akaita.

"Dada aliyeolewa hana neno kwenye mipaka," mzee wa ukoo akasema. "Usimtie dada yako mashakani." Kisha kwa sauti ya mtu aliyechoka na jua, akauliza watu wote: "Kuna anayeonyesha mahali pengine, zaidi ya pale palipo na mkonge?"

Watu wale wote walikuwa wameuona mti ule kwa miaka thelathini na mitatu. Walikuwa wamekula chakula kilichopikwa kwa kuni zake. Baadhi yao walikuwa na vipande vyake nyumbani. Hakuna aliyeonyesha.

"Na wewe, Wekoye, uliuona mpaka kwa macho yako?"

"Niliusikia."

"Kusikia hatuwezi kuchimbia mkonge," mzee akasema. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayesoma sheria ya mbuzi na shamba.

Mkonge wa Khisa ulikuwa chini sana, karibu na kijito. Wekoye akabaki na ukanda wa matope ambao mvua ikinyesha kijito huuchukua, na mvua ikikatika hauna kitu ila matete. Udongo mweusi ukawa juu ya mkonge, upande wa Khisa, na chemchemi pia. Alipoupapasa mkonge wenyewe, miiba ikamchoma, na akauliza una majani mangapi, na mtoto wa Khisa akamjibu, "Saba, baba mdogo," kwa heshima nzuri kabisa.

Alirudi Kitale na Rispah. Rispah hakumwambia neno juu ya vitanda. Hilo lilimwuma kuliko kama angelisema. Ndung'u alipoona hali yake aliacha michezo ya wilbaro. Hata alizungusha neno kwa wapakuzi wa mabati: mtu asiweke kitu kwenye njia ya fundi, hata msumari. Ilikuwa huruma, na Wekoye alijua. Baada ya ko akawa anapita njia tupu kabisa, isiyo na kitu cha kumwambia yuko wapi, na mara mbili akalikosa baraza.

Nasimiyu alikuja mwaka uliofuata, na kiti kilichotoboka na debe la maharagwe. Wakaongea habari za watoto. Wakaongea mvua. Kisha Wekoye akamwuliza juu ya siku ya mti, kama alivyokuwa akimwuliza kila mtu wa Sirisia aliyeleta kiti.

"Nilikuwa jikoni, Weko."

"Jikoni ulisikia shoka?"

"Nilisikia. Nani hakusikia?"

"Basi umesimama jikoni, umeelekea wapi? Shoka lilikuwa sikio gani?"

Akasikia dada yake akivuta pumzi, kisha mkoba ukifungwa. "Mambo hayo yamepita, ndugu yangu. Khisa ni ndugu yetu. Nitachukua kiti wiki ijayo." Ndala zake zikashuka barazani, moja, mbili, mpaka tisa, na slabu ikasema ko.

Kiti hakuja kukichukua. Ndung'u akakitumia yeye, akisema kimesukwa vizuri kuliko vyote.

Wekoye aliendelea kuuliza. Hakudai shamba tena. Wanaolima walikuwa wameshalima. Hakuuliza kwa ukali pia. Mtu akishuka na kiti begani, akisema anatoka Sirisia, au Kanduyi lakini mamake ni wa Sirisia, Wekoye alikipokea kiti, akapima tundu lake kwa kiganja, akapanga kamba zake, na kabla ya kufunga fundo la kwanza akainua uso upande wa sauti ya mtu yule na kumwuliza: "Siku ile mti unaangushwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?"